Vijiko Viwili kwa Kikombe

Jumanne, 3 Juni

Siku ya kumi na mbili wodini. Leo Jemedari ameketi. Kaegemezwa mito mitatu, hadondoki. Kiharusi kimechukua upande wa kushoto wote — mkono, mguu, nusu ya mdomo. Ulimi umebaki ila umekuwa mzito. Miaka kumi na sita nimeomba ulimi ule upate mapumziko. Nani alisema dua hazipokelewi?

Namwita Jemedari humu tu. Usoni namwita mama, maana ni mama wa mume wangu na heshima si utumwa. Yeye hajawahi kuniita mwanangu hata siku moja. Huniita "wewe". Nikiwa nimesimama hapohapo, huniita "huyu".

Asubuhi alikuja sista mwenye miwani ya kamba. Yeye ndiye anayepanga ruhusa za wagonjwa, nani anatoka lini, anakwenda wapi, atahudumiwa na nani. Akauliza: nyumbani atakuwa na nani? Mume wangu akatazama dirisha. Wifi — dada yake, mtoto wa kike pekee, mboni ya jicho la mama yake — akatazama simu. Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Ndivyo nilivyochaguliwa.

Sista akaandika jina langu kwenye fomu. Palipoulizwa uhusiano akaandika: binti. Sikumsahihisha. Jemedari aliona, akafungua mdomo kukanusha, yakatoka mate tu. Nikampangusa.

Jumatano, 4 Juni

Somo la kwanza: maji.

Amekuja dada mmoja aliyesomea mambo ya kumeza. Sikujua kuna watu wanasomea kumeza! Ameeleza vizuri, polepole. Koo la Jemedari limelala nusu. Kitu chepesi kama maji kinateleza kabla koo halijajua, kinaingia kwenye mapafu. Atapaliwa. Au hatapaliwa kabisa, yatashuka kimyakimya, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Halafu homa, halafu nimonia, halafu jeneza. Hakusema jeneza. Alisema "matatizo makubwa".

Kwa hiyo maji matupu marufuku. Chai marufuku. Kila kinywaji kitiwe unga fulani wa kopo, usio na ladha, ukifanye kizito kama uji mwepesi. Vijiko viwili kwa kikombe. Koroga, subiri dakika moja. Kidevu kifuani. Kijiko kidogo. Ameze. Ameze tena. Ndipo kingine.

Mume wangu alisimama kwa dakika tano, akasema anakwenda kuangalia gari. Gari lilikuwa limeegeshwa vizuri tu. Wifi hakuja.

Jemedari alionja kijiko cha kwanza, uso wake wote — nusu yake, tuseme — ukakunjamana. Akasema neno. Nililielewa vizuri. Lilikuwa "kamasi". Nikampa cha pili.

Dada wa kumeza akabandika karatasi ukutani juu ya kitanda, herufi nyekundu: MAJI MATUPU HAPANA. Akanisifu. Mikono yangu mitulivu, alisema.

Ijumaa, 6 Juni

Mazoezi ya kumgeuza. Kila saa mbili, ubavu huu, mgongo, ubavu ule, asije akapata vidonda vya kulalia. Magoti yakunjwe kwanza, kisha bega. Ni mwepesi kuliko nilivyofikiri. Mtu aliyenitisha miaka yote hii, kumbe kilo hamsini na moja.

Mwanawe alitoka nje nilipofunua shuka. Hataki kumwona mama yake vile. Mimi nimemwona kila mahali. Jemedari akafumba macho. Sikuharakisha.

Lazima niandike jambo hili mara moja, nisije nikajifanya nimesahau. Hospitali ni hiihii. Ghorofa ni ile ya juu ya wodi hii. Miaka tisa iliyopita nililala huko, mimba ya tatu imetoka, miezi mitano, mtoto wa kiume. Jemedari alikuja na chupa ya chai. Akaketi. Akammiminia mwanawe, akajimiminia mwenyewe. Kisha akamwambia mwanawe, mimi nikiwa macho:

"Maji yakimwagika hayazoleki. Tafuta mtungi mwingine."

Mwanawe akanywa chai yake.

Hakutafuta mtungi mwingine, hilo nampa. Lakini chai aliinywa.

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Leo mchana nilipokuwa nikimlisha, mkono wake mzima ulitikisika ukagonga kikombe. Uji wake wa maji ukatapakaa kifuani. Nikasubiri. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Umemwaga, mama." Alinitazama kwa muda mrefu. Amekumbuka. Naapa amekumbuka.

Usiku nililala fofofo.

Jumamosi, 7 Juni

Ameketi ukingoni mwa kitanda dakika kumi. Sista kasema ikiendelea hivi, Alhamisi ruhusa. Foronya, nepi za wakubwa, mpira wa kuzuia mkojo kulowesha godoro. Orodha ndefu, yote kwa mwandiko wangu.

Jumapili, 8 Juni

Wifi kaja. Manukato yamefika kabla yake. Kavua koti akalitundika ukutani juu ya kitanda, kwenye msumari ulio juu ya karatasi, likafunika herufi nyekundu zote. Akalia kidogo. Akaniambia nikapumzike, amekuja kukaa na mama yake, maana damu nzito kuliko maji.

Nikaenda kufua nguo za mgonjwa. Niliporudi nilisimama mlangoni. Wifi alikuwa na chupa ya maji, ile ndogo ya dukani, kaiinamisha kwenye mdomo wa mama yake. Jemedari anakunywa kwa pupa, macho kayafumba kwa raha. Raha ile sijawahi kuiona usoni mwake.

Naandika ukweli, kwani hapa hakuna msomaji. Nilihesabu. Funda la kwanza. La pili. La tatu. Hapo akafumbua macho akaniona. Ndipo nikasema, "Wifi, hayo maji!"

Alikohoa mpaka akawa wa bluu. Sista akakimbia na mashine ya kufyonza. Wifi akarudisha chupa kwenye mkoba wake, akasema mama amekohoa ghafla tu, eti hajui kwa nini. Akatwaa koti lake. Aliponipita alininong'oneza kuwa mtu hafi kwa maji, tusianze kumtesa mama.

Mafunda matatu. Ningeweza kusema kwenye la kwanza.

Jumatatu, 9 Juni

Homa. Thelathini na tisa na nusu. Mapafu yanakoroma. Kawekewa oksijeni na dripu. Ruhusa imefutwa.

Mume wangu alifika saa nne, uso mwekundu. Hakunisalimu. Sista alimweleza kuwa mapafu yanaonyesha mgonjwa amepewa maji matupu. Akaniuliza mbele ya wodi nzima nilimpa nini mama yake. Nikasema sikumpa kitu, muulize dada yako. Akasema dada yake yuko kazini na hawezi kufanya ujinga kama huo. Basi akamwinamia mama yake. Taratibu, kwa upole ambao sijui huuficha wapi akiwa nyumbani. "Mama, nani alikupa maji?"

Jemedari akainua mkono mzima. Ulitetemeka, lakini haukukosea njia. Akanyoosha kidole kwangu.

Bibi wa kitanda cha pili, aliyeona kila kitu jana, akageukia ukuta. Hayamhusu. Ningekuwa yeye ningegeuka vilevile.

Mume amesema maneno. Siyaandiki. Yote nilishawahi kuyasikia, ila zamani yalikuwa yakitoka kwa mama yake.

Nilitaka kupiga kelele kwamba ananisingizia. Nikakusanya vikombe badala yake. Maana yeye anajua na mimi najua. Aliniona mlangoni. Kidole chake hakikudanganya sana.

Jumanne, 10 Juni

Bado homa.

Jumatano, 11 Juni

Bado. Wifi ametuma ujumbe: "Mwambieni mama nampenda." Nimemsomea Jemedari neno kwa neno. Mara mbili.

Alhamisi, 12 Juni

Homa imeshuka. Mwili wa chuma, huyu. Amepungua mashavu. Leo ameomba maji — neno hilo sasa hulitamka vizuri kuliko jina la mwanawe. Nikamkorogea. Vijiko viwili, dakika moja kwa kutazama saa. Akafunga mdomo. Nikasubiri. Kiu haina kiburi. Akafungua.

Nimegundua jambo. Siwezi kumfanyia ubaya wowote unaozidi huu, na huu nimeandikiwa na daktari. Nikimnyima maji matamu baridi, nasifiwa. Nikimgeuza akiwa amesinzia vizuri, nasifiwa. Nikikataza makoti kutundikwa ukutani ili karatasi ionekane, naitwa makini. Ni adhabu yenye muhuri wa hospitali! Na kila siku anazidi kupata nafuu kwa adhabu yangu.

Namchukia. Na mapafu yake hayana hata tone.

Jumatatu, 16 Juni

Kikao cha ruhusa. Chumba kidogo cha madaktari, viti vitano, kalenda ya mwaka jana. Sista wa miwani, daktari kijana anayepiga miayo, mume, wifi, mimi, na Jemedari kwenye kiti cha magurudumu, kafungwa mkanda asidondoke.

Sista aliuliza kwa utaratibu. Kwanza akamgeukia mgonjwa: mama, ungependa kwenda wapi? Sisi sote tulijua. Jemedari akakusanya pumzi na kumtazama wifi.

"Kwa mwanangu," alisema.

Neno safi, halikukatika popote. Wifi akamshika mkono, akambusu. Akasema angependa sana, Mungu ndiye shahidi, lakini pale kwake kuna ngazi, kiti hakiwezi kupanda.

Wifi hana ngazi. Nyumba yake iko chini, mlango unafunguka kwenye ua ulio bapa kama meza. Jemedari alikaa pale mwezi mzima alipokuwa mzima, alirudi akitusimulia ua wenyewe, maua yenyewe, na jinsi mimi nilivyoshindwa kuotesha hata pilipili. Mume wangu anaujua ua ule. Ndiye aliyeumwagia saruji.

Hakuna aliyesema kitu. Nilikuwa na maneno mdomoni, matamu kama asali — ngazi zipi, wifi? Nikayameza. Ukimya ulikuwa unamchoma vizuri zaidi ya maneno yangu. Jemedari alimtazama bintiye, kisha mwanawe, kisha magoti yake. Jicho moja likatoa machozi. La upande wa kushoto halifungiki vizuri, hutoa machozi siku zote. Hili lilikuwa la kulia.

"Sawa," alisema.

Nilifurahi. Furaha ilidumu mpaka kwenye lifti. Pale ndani, kwenye kioo, nikaona mwanamke kashika mpini wa kiti, anatabasamu juu ya kichwa cha kikongwe. Nikamfanya ashushe macho.

Baadaye sista aliniita peke yangu. Swali la mwisho kwenye fomu, alisema, lazima niulize kila mtu. Kuna sababu yoyote ya mgonjwa kutokuwa salama nyumbani? Kalamu yake ilikuwa tayari. Ana macho mazuri, yule sista, yamechoka lakini yanasikiliza. Ningemwambia kuhusu mlangoni siku ile. Ningemwambia kuhusu mtungi. Angenielewa, nadhani. Angetafuta mtu mwingine.

Nani?

"Hakuna," nikasema. Nikatia sahihi. Binti.

Jumatano, 18 Juni

Maandalizi ya nyumba. Mume alikwishamwambia sista kuwa mlango wa bafu ni sentimita sabini na moja, kiti ni sitini na sita, kinapita. Leo nimechukua futi nikapima mwenyewe. Bwana mkubwa alipima na fremu! Upana wa kupita ni sitini na moja. Kiti hakiingii, labda tukikate.

Nimecheka mpaka nikaketi sakafuni. Bafu hilo alilisimamia Jemedari. Nakumbuka fundi alipomuuliza kama aupanue mlango kidogo, akamjibu choo si ukumbi wa harusi. Mchimba kisima huingia mwenyewe — safari hii hata kuingia haingii. Sista kwenye simu alisema basi, kiti chenye ndoo kando ya kitanda. Nikaandika kwenye orodha: ndoo.

Kitanda kimekwenda kwenye chumba cha nyuma. Ndicho pekee chenye mlango mpana. Tulikijenga kwa ajili ya mtoto. Mimi nilikipaka rangi, njano nyepesi, nikiwa na mimba ya pili. Baada ya ya tatu Jemedari alihamishia humo masanduku yake, akasema chumba kisikae bure. Leo nimeyatoa masanduku yote kumi na moja. Rangi bado ipo. Nimesugua kuta, nimetandika shuka, nimepanga nepi kwenye rafu ile niliyoipigilia kwa ajili ya nepi.

Nilikaa humo kwa muda. Sikulia. Naandika tu kwamba nilikaa.

Ijumaa, 20 Juni

Tumemleta. Gari, mkanda, mito. Sista alitusindikiza mpaka nje, akanikabidhi karatasi, dawa, makopo mawili ya unga, akanifanya nirudie masharti yote kwa mdomo kama mtoto wa shule. Nilirudia bila kukosea. Akamwambia Jemedari, "Una bahati ya binti, mama." Jemedari hakukanusha. Hata mate hayakutoka.

Alipoingizwa chumbani alizitazama kuta. Alikijua chumba. Akaitazama rafu. Kila kitu kilikuwa kimeshasemwa na rangi ile.

Mume ameshukuru. Kanishika bega, kasema mambo yaliyopita yamepita. Yamempita yeye.

Jumamosi, 21 Juni

Saa tano asubuhi. Niko peke yangu naye. Mume amekwenda kuchukua godoro la upepo, foleni ni ndefu, atarudi alasiri. Wifi kasema atakuja "wiki hii hii". Nimemwosha, nimemgeuza, nimempa dawa zilizosagwa. Amekula vijiko tisa. Dirisha liko wazi, jirani anapiga nyundo.

Nilikuwa natoka na beseni akaniita.

"Mwanangu."

Nikageuka kuona nani kaingia. Hakuna mtu. Alikuwa ananitazama mimi.

Miaka kumi na sita! Niliwahi kulisubiri neno hilo siku ya harusi, nimefunga kitambaa, nimepiga magoti. Nililisubiri ghorofani pale. Nikaacha kulisubiri. Sasa limekuja, na mimi nimeshika beseni la mkojo.

Nikamuuliza anataka nini.

"Maji," akasema. "Si ya unga. Maji."

Nikamweleza. Haruhusiwi, anajua mwenyewe, anakumbuka ile homa. Nilieleza kwa sauti ya sista, vijiko viwili, kidevu kifuani. Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Alizungumza polepole, akiliweka kila neno mahali pake, na nikaelewa yote.

"Siku ile ulinyamaza. Nyamaza na leo."

Kisha akageuza uso kwenye dirisha na kusubiri. Ana subira, kumbe. Sikumjua kwa subira.

Nimekwenda jikoni. Nimejaza kikombe. Nimerudi, nimekiweka hapa mezani, kati yangu na yeye. Maji matupu, hata chini ya kikombe panaonekana. Kopo la unga liko pembeni, kifuniko hakijafunguliwa. Kijiko kiko ndani ya sahani. Nimechukua daftari ili mkono uwe na kazi nyingine.

Nikimpa, nitakuwa kwa mara ya kwanza maishani nimemfanyia alichoniomba. Nikimnyima, nitakuwa nimemhifadhi, na kesho atakuwepo, na kesho kutwa, chumba hiki, rafu hii, kijiko kwa kijiko. Sijui ni lipi analostahili. Jana ningejua. Wiki mbili zilizopita nilisimama mlangoni nikajua, nikahesabu mpaka tatu.

Sista alisema mikono yangu mitulivu. La, yule dada wa kumeza ndiye aliyesema. Sasa haijatulia, mwandiko wenyewe ni huu.

Ameniita tena. Si "wewe". Lilelile la mwanzo. Amefungua mdomo, ule upande mzima, na kidevu kakishusha mwenyewe kifuani, kama nilivyomfundisha, na mimi bado sija—